Kamiriithu: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

Ngugi wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025 huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87, tanzia karibu zote zilipitia Kamiriithu. Nyingi zilipita mbio: kijiji cha Limuru, tamthilia ya Kigikuyu, marufuku, jela. Kwa mwendo huo miaka sita hugeuka wiki moja, marais wawili hugeuka mmoja, na kijiji kizima hugeuka mtu mmoja mwenye kalamu. Kikundi kile cha maigizo kimeacha kumbukumbu nyingi midomoni mwa watu, na nyingine vitabuni. Midomo ina nguvu zake na vitabu vina zake, lakini kuna mambo yanayorudiwa kila mwaka ambayo hayakubaliani na kumbukumbu hizo. Tuyachukue moja baada ya jingine.

"Kamiriithu ilianza Ngugi alipoamua kupeleka tamthilia kijijini."

Si kweli. Ilianza kwa hodi mlangoni. Kwa masimulizi ya Ngugi mwenyewe, asubuhi moja ya mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alimfuata nyumbani, na hakuzunguka mbuyu: mmesoma, mnaandika vitabu, mbona elimu hiyo hatuioni huku kwetu? Palikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kinajifia, na watu walitaka kukifufua. Ngugi akajibu kwamba atalifikiria. Mama akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka profesa akaona njia fupi ni kukubali.

Wala mama yule hakuja kuomba maigizo. Kamiriithu ni kijiji kilichoundwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya pamoja ili wasiwafikishie wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari. Uhuru ulikuja na kijiji kikabaki palepale. Kikawa mahali pa kulala kwa wachuma chai, vibarua wa mashamba makubwa, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, makarani, na vijana waliokuwa wakizunguka bila kazi. Kufikia 1975 wakazi walikuwa kama elfu kumi. Watu hawa walianza na ngumbaru. Madarasa yaliongozwa na Ngugi wa Mirii, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi akishughulika na elimu ya watu wazima, naye alifundisha kwa njia ya Paulo Freire wa Brazil: kwanza watu wazungumze juu ya mshahara wao, shamba lao na deni lao, herufi zije nyuma ya mazungumzo. Aliyejifunza kusoma kwa namna hiyo hataki kusomeshwa habari za paka na mkeka. Anataka kusoma mambo yake. Tamthilia ilichipuka hapo.

Hapo pia ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa sababu akina Ngugi ni wawili. Jalada la Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, lina majina yote mawili, wa Thiong'o na wa Mirii, lakini tanzia na mitihani ya shule humkumbuka mmoja. Wa tatu husahaulika kabisa: Kimani Gecau, mhadhiri wa fasihi, ndiye aliyeliongoza igizo jukwaani.

"Tamthilia iliandikwa na wanakijiji wenyewe."

Nusu kweli, na nusu hii inataka subira.

Muswada wa kwanza uliandikwa na akina Ngugi wawili, ukawa tayari mwezi wa Aprili 1977. Ukasomwa hadharani, na kazi ikaanza upya. Kwa takriban miezi miwili watu waliupasua. Wazee walisikia mhusika wa makamo akizungumza kama kijana wa chuo wakakataa: mtu mzima hasemi hivyo, anasema kwa methali, anazunguka, anatua. Waliowahi kushiriki utengenezaji wa bunduki za kienyeji wakati wa vita vya Mau Mau walikuwa wamekaa palepale, kwa hiyo waigizaji vijana hawakuwa na haja ya kubuni. Wafanyakazi wa kiwandani walipiga hesabu ya thamani ya kile wanachozalisha kwa siku wakailinganisha na wanachopokea mwisho wa mwezi, na hesabu hiyo ukiisoma tamthilia utaisikia kinywani mwa Gicaamba, mhusika ambaye ni mfanyakazi wa kiwanda.

Mfano ninaoupenda ni wa gitiro, nyimbo za kujibizana za harusi ambazo zina mpangilio wake: nani anaanza, nani anajibu, lipi linafuata lipi. Wasomi walijua kwamba gitiro ipo. Namna ya kuiimba mwanzo hadi mwisho hawakuijua. Aliyeijua ni mwanamke mzee asiyejua kusoma wala kuandika, naye ndiye aliyewapangia maneno na mfuatano wake. Sehemu ile ya harusi, ambayo wahakiki huisifu kwa ufundi wake, ni kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote, na jina lake haliko kwenye jalada.

Basi kwa nini niseme nusu? Kwa sababu kalamu ilibaki mikononi mwa walewale. Kisa chenyewe, jinsi tajiri Ahab Kioi anavyomrubuni kibarua wake Kiguunda afunge ndoa kanisani, achukue mkopo wa harusi kwa kuweka rehani ekari yake moja na nusu, kisha aipoteze ardhi ile pamoja na hatimiliki aliyoitundika ukutani kama picha, kina muundo wa mwandishi mzoefu aliyejua anataka kufika wapi. Mtafiti Gichingiri Ndigirigi, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 juu ya Kamiriithu, anaupima mradi huu kwa jicho kali kuliko Ngugi alivyoupima mwenyewe, na anafaa kusomwa na kila anayedai kwamba pale palikuwa na usawa mtupu. Mtu anaweza kusahihishwa na kijiji kizima na bado akawa ndiye mwenye muswada. Hata hivyo niseme wazi upande ninaouegemea: wanakijiji hawakuwa mapambo. Ondoa walichokitia na kinachobaki ni hotuba ndefu ya siasa.

"Ukumbi wenyewe ulikuwa kiwanja tu, watu wakisimama juani."

Si kweli hata kidogo. Ulikuwa ukumbi, tena wenye mpango. Jukwaa la nusu duara liliinuliwa kutoka ardhini, nyuma yake ukuta wa mianzi uliofuata mkunjo uleule, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kuwekea vifaa na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mabao marefu yaliyopandishwa kama ngazi ili wa nyuma asizibwe na wa mbele. Vilitosha watu elfu mbili. Paa halikuwepo. Wajenzi walikuwa wanakijiji, na mchoro wa jukwaa waliufanyia kazi kwa kupanga njiti za kiberiti kabla ya kugusa mti wowote.

Mwenye kuzoea kumbi za Nairobi atauliza pazia liko wapi. Pazia halikuwa na maana pale, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuficha. Mazoezi yenyewe yalifanywa wazi, watu wakipita njia, wakisimama, wakitoa maoni, na siku ya kwanza ilipofika kulikuwa na watazamaji wanaoyajua maneno kama waigizaji. Nyuma ya viti palikuwa na mikaratusi mirefu. Siku moja waigizaji kadhaa, bila kupanga na mtu, walikwea miti ile wakaitikia nyimbo kutoka juu. Jaribu kufanya hivyo katika ukumbi wa kukodisha.

Na mvua? Limuru ni nyanda za juu, hakuna asiyejua ukungu na baridi yake. Kuna Jumapili ambayo mvua ilikatiza igizo mara tatu. Kila ilipoanza watu walikimbilia chini ya miti na kwenye vibaraza. Ilipokoma walirudi, waigizaji wakaendelea pale walipoachia, na viti vikajaa kama kwanza. Wengine walikuwa wametoka mbali kwa mabasi na teksi za kukodi. Kumbukumbu ya mvua hii ndiyo ninayoiamini kuliko takwimu zozote za mapato. Tarehe husahaulika, lakini siku uliyolowa ukitazama igizo unaibeba mwilini.

"Ilipigwa marufuku kwa sababu ilikuwa kwa Kigikuyu."

Kweli kwa sehemu, ila lugha peke yake haielezi kitu.

Tazama mfuatano. Oktoba 1976 tamthilia ya Ngugi na Micere Mugo juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilionyeshwa kwa Kiingereza katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi, ukumbi ambao Waingereza waliufungua mwaka 1952. Palikuwa na mvutano mkali kuhusu siku, kwa sababu maonyesho ya wageni yalikwisha kupewa nafasi nzuri, na Wakenya wakaambulia siku chache katikati. Lakini igizo halikufungiwa. Julai 1977 riwaya yake Petals of Blood, ambayo haimwachi tajiri wa Kenya huru bila doa, ilizinduliwa na Mwai Kibaki aliyekuwa Waziri wa Fedha. Maneno yaleyale, hasira ileile, na waziri anakata utepe.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa na ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu, kwa hoja ya usalama wa umma. Wiki sita na ushei. Kilichobadilika kati ya Julai na Novemba si lugha tu. Kibarua alikuwa anakaa kwenye bao la mbao kumtazama kibarua mwenzake akimwigiza kibarua, huku mwenye shamba akiwa si mbali, na jumba lake linaonekana kutoka kijijini. Kigikuyu kilikuwa mlango. Hofu ilikuwa juu ya waliopita mlangoni. Ungeliandika igizo la mapenzi kwa Kigikuyu, ungelipata leseni yako na chai juu.

Kuna kinachosahaulika pia: igizo liliuliza nani alikuwa msituni na nani alikuwa homugadi, askari mgambo wa wakoloni, na nani kati yao alikula uhuru. Mwaka 1977 wahusika halisi wa swali hilo walikuwa hai, wengine maofisini.

"Moi ndiye aliyeifunga."

Hapa masimulizi ya mdomo yanateleza mara nyingi, na ni rahisi kuona sababu. Marufuku ya 1977 ilitolewa Jomo Kenyatta akiwa rais. Ngugi wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba mwaka huo, akawekwa kizuizini bila mashtaka katika gereza la Kamiti. Kenyatta alifariki Agosti 1978. Aliyemwachia Ngugi, pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa, tarehe 12 Desemba 1978, ni Moi, mrithi wa Kenyatta, na siku zile alishangiliwa kwa hilo.

Lakini Moi hakosi kabisa katika sura ya kwanza: alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, na hati ya kizuizi ina sahihi yake. Na sura ya pili ni yake yote, kama tutakavyoona. Kwa hiyo mzee wa Limuru anayekwambia "ni Moi" amekosea mwaka ila hajakosea mkono. Tanzia zilizosema "ni Moi" hazina udhuru huo, kwani tarehe ziko vitabuni.

"Aliiandika gerezani, kwenye karatasi za choo."

Si kweli, iligeuzwa. Igizo ndilo lililompeleka gerezani. Alichokiandika kwenye karatasi za choo za Kamiti ni riwaya, Caitaani Mutharabaini, ambayo kwa Kiswahili ni Shetani Msalabani.

"Baada ya marufuku ya 1977 askari walikuja wakabomoa."

Si kweli, na kosa hili linafuta sehemu nzima ya historia ya kikundi. Kati ya marufuku na ubomoaji kuna zaidi ya miaka minne, na katika miaka hiyo watu hawakukaa mikono mifukoni. Ngugi alikosa kurudishiwa kazi ya chuo kikuu, lakini kijijini kituo kiliendelea, na mwaka 1981 mazoezi ya igizo la pili yakaanza: Maitu Njugira, Mama Niimbie. Hili lilirudi nyuma mpaka miaka ya 1920 na 1930, enzi za kipande na kodi ya kichwa, na lilikuwa zaidi ya nusu muziki. Nyimbo zilitoka kwa jamii kadhaa za Kenya, na ndiyo maana hoja ya kwamba Kamiriithu lilikuwa jambo la Wagikuyu peke yao haisimami kwa igizo hili.

Safari hii walitaka Nairobi. Waliomba Ukumbi wa Taifa, wakalipia, wakaomba leseni, wakatangaza kufungua tarehe 19 Februari 1982. Leseni haikukataliwa. Haikujibiwa tu. Ni mbinu ya ofisi ambayo yeyote aliyewahi kufuata kibali anaifahamu: hakuna barua ya kupinga, hivyo hakuna cha kukata rufaa. Siku ilipofika waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wapo.

Wakahamia chuo kikuu, katika ukumbi wa pili wa maigizo, na kuita walichokifanya mazoezi. Mazoezi hayahitaji leseni. Watu wakafurika. Walikaa kwenye ngazi, kwenye madirisha, pembeni mwa jukwaa, mpaka nje. Waandaaji walikadiria kwamba kwa mazoezi kama kumi hivi igizo lilitazamwa na watu kati ya 12,000 na 15,000. Sichukui namba hiyo kama hesabu ya mhasibu, lakini hata ukiikata nusu, ni watu wengi kwa igizo ambalo kisheria halikuwahi kuonyeshwa. Kabla ya Februari kwisha ukumbi wa chuo nao ukafungwa.

Tarehe 11 Machi 1982 leseni ya kituo chenyewe ikafutwa, pamoja na madarasa ya ngumbaru. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika Kamiriithu, na ukumbi ule wa mianzi na mabao ukaangushwa wote. Mahali pale baadaye pakajengwa chuo cha ufundi.

"Kamiriithu ndiyo iliyoanzisha maigizo ya jamii Afrika Mashariki."

Hapana. Makerere ilikuwa na kikundi chake cha kuzunguka bila kiingilio tangu 1965, kikibeba maigizo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, hadi miji na vijiji vya Uganda na Kenya. Nairobi ikafuata na kikundi chake miaka ya 1970. Botswana, mwaka 1974, walitumia igizo kuita watu kwenye mikutano ya maendeleo, na mbinu hiyo ikaenea kusini mwa bara. Bila kutaja ngoma, vichekesho vya jukwaani na vikundi vya taarabu vilivyokuwa vikiigiza kabla profesa yeyote hajavigundua.

Tofauti ya Kamiriithu ni kwamba wageni hawakuwa wanapita. Kikundi cha kuzunguka kinafika na gari lake, kinaigiza, kinapigiwa makofi, kinaondoka kabla giza halijaingia. Limuru, mwigizaji aliyekuchekesha Jumapili ulikutana naye Jumatatu kwenye chai. Walioifanyia kazi tofauti hiyo kwa upande wa Tanzania ni Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kule mwanzo ulikuwa matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja, na ngoma za hapo hapo zikawa lugha ya igizo. Hakukuwa na malori ya polisi. Hiyo haina maana kwamba kila aliyeguswa na maigizo alifurahi.

"Mwaka 1982 ndio uliokuwa mwisho."

Mwisho wa jengo, ndiyo. Waliolitumia walitawanyika, na hapo ndipo hadithi inapohitaji ramani kubwa zaidi. Ngugi wa Thiong'o alikuwa London katikati ya mwaka ule kwa uzinduzi wa Shetani Msalabani kwa Kiingereza, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa, asirudi kwa miaka zaidi ya ishirini. Kimani Gecau na Ngugi wa Mirii walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Wa Mirii hakupumzika: alifundisha, akaunda vikundi vya maigizo ya jamii nchi nzima, na igizo la Kimathi likatafsiriwa na kuchezwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Limuru. Alifariki kwa ajali ya gari Harare mwaka 2008. Kwa Wazimbabwe wengi wa fani hiyo, ukisema Ngugi lazima uulizwe yupi.

Na watazamaji? Ingrid Björkman, mtafiti kutoka Sweden, alifanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria: aliwatafuta watu waliotazama yale mazoezi ya 1982 akawauliza waliona nini, walielewa nini, na walikwenda nacho wapi. Kitabu chake kilitoka 1989, Moi akiwa bado madarakani. Nakipendekeza kwa sababu hakimwulizi mwandishi alikusudia nini. Kinamuuliza aliyekaa dirishani.

Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Nairobi, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, chini ya uongozaji wa Stuart Nash, kwa leseni na kwa tiketi za kununuliwa, katika Ukumbi wa Taifa, uleule ambao Maitu Njugira ilifungiwa milango yake. Ilipigiwa makofi sana. Bei ya kiti ilikuwa ya Nairobi.